Doa la Kijani

Saumu aliendelea kuzungusha mpini wa pampu, ingawa Shebe, fundi aliyeipuliza ile chupa ndefu ya kioo, alikuwa ameshamsihi aache.

"Dada, ukizidi kuinyonya hewa itapasuka. Nyingine sina."

"Hiyo hewa iliyobaki ndiyo inayotuharibia; inazuia umeme usiuvute mwale."

Maalim Kombo aliguna kitini. Ule mwale uliotoka ncha moja ya chupa, ukaivuka na kuacha doa la kijani kwenye kioo cha ncha ya pili, yeye maisha yake yote alifundisha kwamba ni mwanga tu, si chembe kama Saumu alivyodai.

"Mwanga hauvutwi na umeme, mwanangu. Kila ukijaribu, doa halitikisiki. Likikataa na leo, utanirudishia funguo za chumba hiki."

Kioo kikatoa mlio wa kualika, lakini hakikupasuka. Shebe akafumba macho. Saumu aliiachia pampu, akaunganisha waya za umeme kwenye mabamba mawili yaliyokuwa ndani ya chupa, moja juu ya mwale, jingine chini yake.

Doa lilitulia palepale. Kisha, polepole, likaanza kushuka.

Maalim alikuwa ameshainuka, amekinga kiganja chini ya kioo, kama mtu anayengoja kitu kidondoke.