Aliyeshika Mpira

Mwalimu alisimama ukingoni mwa bwawa, akiwaelekeza wanawake waliokuja kujifunza polo ya majini: miguu isiguse sakafu, mpira ushikwe kwa mkono mmoja. "Na asizamishwe mtu," akasisitiza, "ila yule aliyeshika mpira."

Zamoyoni alimwomba airudie kanuni hiyo.

Upande wa pili alielea Hidaya, ambaye mwaka uliopita, katika bwawa hilihili, alimkandamiza Zamoyoni kichwa majini huku watu wakicheka.

"Shoga, umerudi kunywa maji?" Hidaya aliuliza.

"Nimerudi kucheza, shoga yangu."

Filimbi ikalia. Mpira ulipomfikia, Zamoyoni aliuinua, akawatazama wenzake mmoja mmoja, kisha akamrushia Hidaya.

"Mama wee! Umempa adui!" timu yake ikapiga kelele.

"Mniwie radhi, bado najifunza," alijibu, huku akiogelea kumfuata.

Hidaya aliudaka mpira, akauinua juu akicheka. Mara akahisi kiganja kikitua taratibu juu ya utosi wake, na kicheko kikakatika. Angeweza kuuachia mpira. Lakini bwawa zima lilikuwa likimtazama, na vidole vyake vikazidi kuubana.