Mgunga wa Maige

"Na nyumba yangu imeingia?" aliuliza Maige.

"Imeingia, baba," akajibu Rhoda, mpiga picha kutoka Shinyanga mjini, jicho likiwa kwenye kamera iliyosimama juu ya miguu mitatu.

Ilikuwa mara yake ya kumi na mbili kufika Samuye kuupiga picha mgunga uleule. Alidai anachunguza rangi: asubuhi mti ni wa njano, jioni shaba, mvua ikikaribia zambarau. Maige alicheka moyoni. Mtu mzima na akili zake atoke mjini kwa ajili ya rangi ya mgunga? Yeye alishachimba dhahabu Geita, anajua. Mwenye chombo cha miguu mitatu ni mpimaji, na nyuma ya mpimaji huja mgodi na fidia.

Basi tangu ujio wa kwanza alianza kutegesha, kama alivyowaona wajanja wa Geita: nyumba ya harakaharaka nyuma ya mti, ya kungojea kulipwa. Ng'ombe wake wote watatu waliishia kwenye saruji na mabati.

"Fidia isipokuja tutakula matofali?" aliuliza mkewe, Mama Dorah.

Rhoda akamaliza kazi, akaaga. Mgodi haukuja. Desemba Rhoda alirudi na zawadi ya kalenda ya mwaka mpya, kila mwezi picha ya mgunga na chini yake tarehe iliyopigwa. Kumbe kweli alikuwa mtu wa rangi! Maige alitamani kulia. Hakuifungua hata ukurasa mmoja. Mama Dorah ndiye aliyeitundika sebuleni mwa nyumba hiyo mpya.

Januari, gari la mgodi likasimama mlangoni. Maige nusura aruke. Mthamini, kijana mpole aitwaye Mabula, akaamkia, akapewa kiti na maziwa.

"Mzee, tunalipia nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka jana tu. Hii ni ya lini?"

"Hii? Aliijenga marehemu baba. Nimezaliwa humu humu."

Mama Dorah akakohoa. Mabula akaitikia kwa kichwa, akaandika, akainuka kuaga. Mlangoni akaiona kalenda.

"Mti mzuri huu!"

"Upige picha ukitaka, mwanangu," Maige akasema kwa ukarimu.

Mabula akafunua jalada. Januari, mgunga peke yake katika njano ya asubuhi, na nyuma yake mbuzi wawili. Februari, msingi. Machi, kuta. Aprili, Maige mwenyewe juu ya paa, nyundo mkononi, akipunga mkono.