Kofia ya Jicho la Tai

Siku hizi mwili wa mtu hupata nguvu ya kile alichovaa mhusika wake kwenye gemu. Mhusika wa mama yangu, Bi Nyanzobe, ni mpiga upinde, na mpiga upinde hubeba vifaa vitatu tu. Kilichovuliwa hakivaliki tena. Buti zinamtembeza mama hadi jikoni. Glovu zimemtuliza mikono iliyokuwa ikitetemeka. Podo la mishale linamtunzia kumbukumbu. Kila nikimwona anapepeta mchele, nashukuru.

Jana nilishinda kofia ya Jicho la Tai. Mama ni kipofu, na hajawahi kumwona mwanangu Mbula.

"Tuvue buti," nikasema.

"Akilia nawe hupo, nani atamfuata?"

"Basi glovu."

"Nimwangushe? Vua podo."

"Mama, podo ndilo lenye kumbukumbu."

"Najua. Nimekumbuka vya kutosha, mwanangu. Sasa nataka kuona."

Alikuwa ameshakaa mkekani, mikono ameinyoosha. Nikampakatisha mtoto, kisha kwenye gemu nikamvua mhusika wake podo, nikamvika kofia.

Macho yake yakatua usoni pa Mbula. Akazifuata nyusi zake kwa kidole, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba afariki. Nilishukuru.

"Mtoto mzuri kweli huyu," akasema. Kisha akaniinulia macho, akanitazama kwa upole.

"Ahsante kwa kunipakatisha, binti. Mama yako amekulea vyema."