Figo Kubwa

Jeli ya altrasaundi ilikuwa bado inateleza ubavuni daktari aliposema, "Mama, figo zako zote mbili ni kubwa."

"Alhamdulillahi," Kuruthumu akajibu. Kwao Zinga, mbuzi wa Idi akipasuliwa, figo kubwa ndiyo dalili ya mnyama mzima.

"Hapana, mama. Ni kisukari hicho. Damu ina sukari nyingi, figo zinachuja kupita kiasi mpaka zinatanuka. Mwanzoni haziumi. Tukiidhibiti sukari sasa, tunaweza kuziokoa."

Kuruthumu akaacha kujifuta. Jeli ikamchuruzika hadi kwenye kanga.

"Marehemu mume wangu naye aliambiwa zake kubwa," akasema taratibu. "Tulirudi nyumbani tukasoma maulidi ya shukurani. Halua nilimpikia mwenyewe."