Pigo la Kwanza

Sheria ya chama chao cha nyumba aliitunga Chambuso mwenyewe: kila mwenye nyumba ataupiga ukuta wake pigo la kwanza, asije akasema alibomolewa. Majirani kumi na wanne walishapiga, na sasa walilala kwenye maturubai wakisubiri nyumba mpya. Ilibaki yake tu, na mama yake alikuwa amejifungia ndani.

"Mwenyekiti, mbona nyundo imekuwa nzito leo?" Tausi, jirani yake, alimdhihaki. "Mimi uliniambia ni kama kupasua nazi!"

Watu wakaangua kicheko. Chambuso akasogea dirishani.

"Mama, toka, nakuomba."

"Umezaliwa ukanikuta humu, Chambuso," mama akajibu. "Piga tu. Watu wako wananyeshewa."

Kweli, manyunyu yalishaanza. Msingi wa nyumba zote mpya ulipaswa kupita hapo. Angeiacha nyumba hii, mtaa mzima ungebaki nje masika yote. Akaushika mpini kwa mikono miwili, akaiinua nyundo.

Ndani, kitanda kikaburutwa sakafuni. Chambuso akatega sikio, nyundo ikiwa juu, akijaribu kujua kama kinasogezwa mbali na ukuta au kinaletwa karibu nao.