Tone Lisilong'aa

Wewe umewahi kusubiri tone likwambie kama una mjukuu? Kwetu Korogwe siku hizi mimba haitajwi hadi tone ling'ae. Muuguzi huleta kichupa cha kingamwili, ile waliyoanza kuitumia watafiti, inayonasa protini ya kuunganisha chembe za kondo la nyuma. Unaichanganya na damu ya kidole. Tone liking'aa kijani, kondo linajengeka. Lisipong'aa, gari la kliniki linalopita siku hiyohiyo humchukua mama, na wengi hurudi bila mimba.

Mkamwana wangu Hidaya alichoma kidole asubuhi, tukafunga madirisha kupunguza mwanga, tukasubiri. Tone likabaki jekundu tu.

"Kichupa ulikiweka wapi?" nikamuuliza mwanangu Shekue.

Akajikuna kisogo. "Kwenye friza, mama, chini ya samaki. Dawa si hupenda baridi?"

"Baridi ya friji, baba. Ikiganda inaharibika. Muuguzi alikueleza, nawe ukawa unaitikia kama kasuku."

Basi hatukujua kilichokufa ni dawa au ni kile tusichoruhusiwa kukitaja. Na kichupa cha pili hakitolewi.

Nikamimina chai ya tangawizi. Hidaya hakuigusa. Alishika tumbo lake juu ya kanga, mbele yetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nje gari la kliniki likasimama, mlango wake ukafunguliwa.

"Mama," Hidaya akasema taratibu, "siku zote hizi nilitaka mtu mmoja tu aniulize mtoto anaendeleaje."