Hereni Ndani ya Mchele

Sanduku la methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, lilifunguka kwa njia moja tu: mdhamini aseme "nakuamini," na sauti yake iwe ya kweli. Kila asubuhi Siwema alimwambia hivyo mdogo wake, Chande, na kikombe cha dawa kikatoka.

Leo taa ilibaki nyekundu.

"Kunywa chai kwanza, dada. Labda sauti bado imelala," Chande alitania, huku miayo ya arosto, ile hali ya mwili kudai unga, ikianza kumwandama.

"Nakuamini, Chande. Wallahi nakuamini."

Nyekundu.

Chande hakuwa amegusa kitu cha mtu tangu aache unga, na Siwema alilijua hilo vizuri. Lakini jana, kabla ya kuingia kuoga, alivua hereni zake za dhahabu akazifukia kwenye ndoo ya mchele. Mkono ulifanya wenyewe, kwa mazoea ya zamani.

Chande alifungua kiganja. Hereni zilikuwamo.

"Nimezikuta nikichambua mchele. Nilitaka nizirudishe kimyakimya, usione haya."

Akamvalisha. "Haya, sema tena."

Siwema alisema huku analia. Hakuwahi kutamani kitu kama alivyotamani kumwamini. Sanduku halikufunguka.

Chande alijifuta jasho, akavaa ndala. "Ngoja nikanyooshe miguu."

Pale kona, muuza unga hakumdai mtu mdhamini.

Siwema alisikia geti likifungwa. Akaliinamia sanduku, akaendelea kuliambia, "Namwamini. Namwamini," na taa haikubadilika.